Dakika za Wachelewaji

Hakuwa na mke, maana aliyekuwa naye alimchoka akaondoka kwa heshima. Hakuwa na jino moja la juu, upande wa kushoto. Hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina lake tupu, bila kulitanguliza na neno Fundi. Hakuwa na kivuli, lakini hilo tusimhesabie, kwa kuwa katika mji ule hapakuwa na mtu mwenye kivuli. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Alichokuwa nacho ni cha darasa la jioni, akakitia fremu na kukitundika mahali ambapo mgeni akiingia asingeweza kukikosa. Hakuwa na desturi ya kuomba radhi. Hakuwa na dada. Yaani alikuwa naye, nyuma ya soko la chumvi, akinyonyesha mtoto. Lakini alikwisha kutamka mbele ya watu kwamba hana dada, na Songoro alikuwa mtu wa kusimamia neno lake.

Mji wenyewe ulikuwa chini ya ukungu. Ukungu ule haukuwa wa asubuhi, unaokuja na kuondoka. Ulikuja mara moja ukakaa, kama mgeni asiyejua kuaga, na watoto waliozaliwa baadaye walidhani neno jua ni moja ya hadithi za bibi zao. Mchana na usiku vilikuwa rangi moja, rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Watu wakawa wanalala wanapochoka na kula wanapokumbuka, hata baba akiamka anamkuta mwanawe anakwenda kulala, na mume na mke wanapishana mlangoni kama majirani. Ndipo wakaiweka Saa.

Saa ile haikuwa na mishale wala kengele. Ilikuwa programu ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa ndani ya Nyumba ya Saa, na kutoka humo ilipeleka tarakimu zake kwenye vioo vilivyotundikwa katika kila njia panda. Saa ikisema asubuhi, watu waliamka. Ikisema Ijumaa, walioga na kuvaa nguo safi. Ikisema kwamba mtu amefika umri wa kupumzika, mtu huyo alipewa fimbo na kiti barazani, hata kama magoti yake yalikuwa bado yanataka kucheza mpira. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu akishampa mwenzake kazi ya kumwamsha, haichukui muda mrefu kabla ya kumpa na kazi ya kumwambia yeye ni nani.

Basi siku moja, kama tunaweza kuiita siku, Songoro aliitwa Nyumba ya Saa.

Aliyemwita ni Bi Mafunda, Msimamizi wa Saa, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia wala akingoja. Mezani kwake, katikati ya karatasi, palikuwa na bakuli la udongo lililofunikwa kitambaa.

"Kaa, Fundi. Usiangalie bakuli. Ni la waoka mikate."

"Wamekuletea mkate?"

"Wamenitia wazimu. Wanasema unga hauumuki tena kabla ya king'ora cha kufungua. Wanasema Saa inakimbia."

"Huenda hamira ni mbovu," akasema Songoro.

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakaja na hamira yao humu ofisini, Fundi, wakakanda unga mbele yangu, juu ya meza ya Baraza la mji. Wakaniambia, Bi Mafunda, kaa nao wewe. Sasa nakaa nao." Alilisogeza bakuli kidogo kwa ncha ya kidole. "Tafuta kosa. Ukilipata, liondoe bila makelele. Usipolipata, tia sahihi kwamba halipo, nami nitaibandika sahihi yako kwenye mlango wa kila tanuri. Neno lako linaaminiwa mji huu."

Songoro alilipenda neno hilo la mwisho. Lilimwingia kama chai ya tangawizi. Lakini halijafika tumboni alihisi kitu kingine kikipanda kulikabili, naye alikijua ni nini, kwa kuwa kilikuwa kinamsubiri tangu alipoona jina lake kwenye mwito. Akaomba kompyuta, akaomba kamba, akaomba aachwe peke yake.

Kitu chenyewe kilikuwa hiki. Vuai, mume wa dada yake Mwatumu, alikuwa miongoni mwa wanaume waliotumwa nje ya ukungu kulitafuta jua. Waliondoka wakiimba, na sauti zao zilipokatika hazikusikika tena. Baadaye Mwatumu akasema ana mimba, na watu wakafurahi, wakasema Vuai ameacha kitu. Kisha vioo vya njia panda vikaanza kuhesabu. Mwezi wa tisa ukapita. Wa kumi ukapita. Wanawake waliokuwa wakimletea uji wakaanza kuuleta nusu bakuli, kisha wakaacha. Mtoto alizaliwa katika mwezi wa kumi na nne tangu Vuai alipoondoka. Mwatumu alimwapia kaka yake kwamba mtoto ni wa Vuai, na mkunga alisema mtoto ametimia na wala hakuzidi, lakini nani amsikilize mkunga wakati kioo kipo. Hakuna aliyemtukana Mwatumu. Walipopita mlangoni kwake walikunja vidole kimyakimya, kimoja baada ya kingine, mpaka vya mikono yote miwili viishe, kisha wakatazamana. Mtoto wakamwita Mtoto wa Baadaye.

Kwa desturi ya mji ule, mjomba ndiye anyoaye nywele za kwanza za mtoto na kumtia jina sikioni. Asipofanya yeye, mtoto hukaa na nywele za tumboni na hana jina, na kila amwonaye hujua kwamba upande wa mama yake umemkataa. Mwatumu alituma wembe kwa kaka yake, umefungwa katika kitambaa cheupe. Songoro aliupokea barazani, mbele ya wazee waliokuwa wakicheza bao, akaufungua, akaufunga tena, akamrudishia aliyeuleta.

"Kamwambie aliyekutuma kwamba mimi sina dada," alisema. "Nimesoma hesabu. Saa haidanganyi."

Wazee waliacha kete hewani. Mmoja akasema, "Huyu ndiye mwanamume." Naye Songoro alirudi nyumbani kifua mbele, akakaa chini ya cheti chake, akajiuliza kwa nini mikono yake inanuka chuma.

Sasa mfikirieni mtu huyo mbele ya kompyuta ile. Saa ikiwa nzima, yeye alisema kweli. Saa ikiwa mbovu, yeye ni nani? Fundi huomba kosa lionekane, ndiyo furaha ya ufundi; huyu aliomba lisionekane. Alikuwa kama mtu anayepekua nyumba yake mwenyewe kutafuta nyoka, akitumaini asimkute, na akiogopa kwamba asipomkuta atalala naye.

Alianza anapoanza kila fundi mwenye adabu, chini kabisa. Ndani ya kompyuta kuna kijiwe kidogo kinachotetemeka bila kuchoka, na programu huhesabu mitetemo yake na kuifanya sekunde. Kijiwe kikipata joto hutetemeka ovyo. Akakigusa: kilikuwa baridi. Akasoma maandishi ya programu sehemu ya kuhesabu, akifuata kwa kidole kama mtoto wa madrasa, aone kama kuna mahali sekunde inahesabiwa mara mbili. Hakuna. Kisha akafanya jambo alilojivunia. Mwalimu wa darasa la jioni aliwahi kuwafundisha kwamba kitu kizito kikining'inizwa kwa uzi wa urefu wa mita moja, kila kinapokwenda upande mmoja ni sekunde, na kila kinaporudi ni sekunde, hakijali kama wewe ni tajiri au ni maskini. Songoro akaifunga nati nene kwenye kamba, akaining'iniza juu ya mlango, akaisukuma.

Baraza lilikuwa limetangaza mapumziko kwa ajili ya kipimo hicho. Milango yote ya kazi ilifungwa, ving'ora vikazimwa, watu wakaamriwa wakae majumbani ili Saa ipimwe bila kusumbuliwa. Mji ulinyamaza kama mtu anayepimwa kifua. Nati ikaenda, tarakimu ikageuka. Nati ikarudi, tarakimu ikageuka. Songoro alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, na hapakuwa na sekunde hata moja iliyomtangulia mwenzake.

Saa ilikuwa nzima.

Akafurahi. Ndiyo, alifurahi, na mimi siwezi kumfichia. Furaha ilimtoka kifuani ikapanda usoni, naye akaiona kwenye kioo cha kompyuta, uso wa mzee mmoja unaotabasamu kwa sababu dada yake ni mzinzi. Alitazama nyuma aone ni nani huyo. Hapakuwa na mtu. Alipogeuka tena, uso ulikuwa bado haujamaliza kutabasamu.

*

(Unanijua?

Nakujua. Wewe ni mimi.

Mimi ni wewe uliyetangulia. Nimefika mbele nikakungoja. Huku nilipo tayari wewe ni mzee, umekufa, umezikwa, wamekusahau. Nimekuja kukuambia kwamba hapana haraka.

Mbona unacheka?

Nacheka kwa kuwa umeniuliza swali hilo na wewe ndiye unayecheka.

Kuna nini huko mbele?

Viti. Viti vingi, na hakuna aliyechelewa, kwa kuwa hakuna aliyekuja.)

*

Alitoka. Alijiambia kwamba anakwenda kunyoosha miguu, lakini miguu ilikuwa na safari yake, ikampitisha soko la chumvi, ikamsimamisha mbele ya mlango wa Mwatumu. Alijiambia ni heri asikie kwangu kuliko kwa watu. Aliamini kabisa kwamba huo ni wema.

Hakubisha hodi. Alisimama tu. Ndani mtoto alikuwa akilia, na sauti ya dada yake ilikuwa inambembeleza kwa maneno yasiyo na maana, yale yale ambayo mama yao aliwabembelezea. Kisha sauti ikakatika.

"Nani hapo?"

Songoro akashika kizingiti.

"Kama umekuja kuhesabu, hesabu ukiwa huko huko nje. Ukivikosa vidole, nitakuazima vya mtoto."

"Ni mimi."

"Mimi nani? Hapa hapana anayeitwa mimi."

"Songoro."

Mlango ulifunguka kidogo, ukubwa wa uso mmoja. Mwatumu alikuwa amekonda, na macho yake hayakuwa na hasira yoyote, jambo ambalo Songoro hakujiandaa nalo.

"Fundi," alisema Mwatumu. "Karibu ulipo."

"Nimeipima Saa, Mwatumu. Nimeipima kwa haki, kwa kamba na nati. Haina kosa."

"Umekuja kuniambia hivyo?"

"Niliona usikie kwangu."

"Ahsante kwa kujisumbua." Alimweka sawa mtoto begani. "Saa hiyo inasema mwanangu ana miezi mingapi?"

Songoro alikigeukia kioo cha njia panda, akapiga hesabu. "Minne. Inakwenda mitano."

"Basi ingia umwambie ashike shingo yake. Mwambie ana miezi mitano, wewe uliyesoma. Pengine atakusikiliza."

Songoro akatazama. Kiganja cha Mwatumu kilikuwa nyuma ya kichwa cha mtoto, na alipokilegeza, kichwa kilianguka nyuma kama ua lenye kikonyo kilichovunjika, naye akakidaka tena haraka. Nywele za tumboni zilikuwa bado laini, zimelala kwenye utosi unaopigapiga. Songoro hakuwahi kuzaa, lakini aliwahi kulea. Alimlea huyu aliyesimama mbele yake. Alikuwa amemfunga mgongoni kwa kanga ya mama yao, naye alijua shingo ya mtoto hukaza lini.

"Wengine hukawia," alisema, na sauti yake haikumfurahisha.

"Ndiyo," Mwatumu akajibu. "Wengine hukawia sana."

Akaufunga mlango bila kuubamiza.

King'ora kikalia. Kilikuwa kinamwita yeye peke yake, arudi atie sahihi. Songoro, ambaye hakuwahi kuchelewa hata siku moja, ambaye alifika msikitini kabla ya mwadhini na harusini kabla ya ufagio, alikisikia na hakuondoka. Alibaki akiutazama mlango. Alihesabu misumari yake. Aliinua mkono abishe, akaushusha, akauinua. Alipopata nguvu za kuondoka hakujua amesimama kwa muda gani, na kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kujua.

Kwenye lango la Nyumba ya Saa alikuwako mlinzi, Machano, mtu aliyejulikana kwa kufika kazini wakati wenzake wanaondoka. Alipomwona Songoro alisimama kwa furaha kama anayepokea ndugu kutoka safari.

"Fundi! Na wewe leo? Nimeishi nikaona mengi."

"Fungua."

"Taratibu, Fundi. Sisi wachelewaji tuna taratibu zetu. Weka kidole gumba hapo, kwenye mashine. Usiogope, haiumi. Inaaibisha kidogo tu."

Songoro akaweka kidole. Mashine ikalia mlio mfupi. Na juu ya lango, mbele ya macho yake, kioo kilichokuwa kinasema saa tisa na nusu kikapepesa, kikasema saa kumi.

Songoro aliutazama mkono wake, akakitazama kioo.

"Umeona?"

"Nini?"

"Imeruka."

"Aa, hiyo ndiyo kawaida yake," alisema Machano. "Hujinyoosha kidogo mtu anapochelewa. Kama mtu aliyekaa sana."

"Ulijua siku zote?"

"Kila mtu anajua. Kila aliyechelewa, yaani. Na mji huu nani hajachelewa, ukikutoa wewe?"

"Mbona hamkusema?"

Machano alimtazama kwa huruma. "Fundi, tuseme kwa nani? Ukienda kusema Saa imeruka, wa kwanza atakuuliza, wewe uliiona wapi. Utamwambia nimeiona langoni. Atakuuliza, langoni ulikuwa unafanya nini wakati wenzako wako ndani?" Akajikuna shingo. "Mtu anaona aibu, anainamisha kichwa, anaingia. Anajiambia huenda ni mimi niliyekawia zaidi ya nilivyodhani."

Songoro alimpita. Aliingia, akaketi mbele ya kompyuta. Safari hii hakusoma sehemu ya kuhesabu. Alisoma sehemu ya malango. Haikuwa imefichwa. Ilikuwa wazi, imeandikwa kwa lugha ya adabu, na juu yake mwandishi wake wa zamani ameweka maelezo kwamba ni kwa amri ya Baraza na kwa nia njema. Kanuni yenyewe ilisema: mtu akichelewa, Saa isogezwe mbele kwa kadiri alivyochelewa, ili kesho awahi.

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. Ni nani katika mji ule asingeiandika kanuni hiyo? Ukiwa na harusi ya saa kumi, kwenye kadi unaandika saa nane, kwa kuwa unawajua watu wako. Watu wako nao wanakujua wewe. Wakisoma saa nane wanasema huyu amemaanisha saa kumi, basi twende saa kumi na mbili. Mwaka unaofuata unaandika saa sita. Nyumba nyingi zina saa ya ukutani iliyotangulizwa makusudi, na mwenye nyumba akiamka huitazama, hutoa alichokiongeza, kisha hulala tena. Hakuna anayedanganywa. Ni mchezo wa heshima, kila mmoja akimpunguzia mwenzake fedheha. Lakini Saa haikuujua mchezo. Kila kidole gumba kilichochelewa iliongeza chake, nayo haikutoa. Watu wakaona Saa iko mbele, wakachelewa zaidi ili walingane nayo. Saa ikaona wamechelewa zaidi, ikakimbia zaidi ili iwavute. Mji mzima ukawa unarudi nyuma mbele ya kitu kinachokimbia, na nafasi iliyo kati yao, ile miezi ambayo haikuwako popote isipokuwa kwenye vioo, wakamtwika mwanamke mmoja aibebe tumboni.

Na Songoro aliipima siku gani? Aliipima siku ambayo malango yamefungwa, hakuna kazi, hakuna mwito, hakuna wa kuchelewa. Aliipima Saa ya mji usio na watu, nayo ilikuwa nzima. Angeweza kuipima hivyo mpaka ukungu uondoke.

Alikaa. Haya ina ngazi zake, na yeye alikuwa anazishuka moja moja. Ya kwanza ni ya fundi aliyekosea kipimo. Hiyo aliizoea kwa wengine. Ya pili ni ya mtu aliyeshangiliwa barazani kwa neno la uongo. Chini yake kuna ile ya furaha, ya uso ule uliotabasamu kiooni. Na chini kabisa, mahali pasipo na ngazi tena, kuna hii: kwamba hakuhitaji nati wala kamba. Dada yake alimwambia. Tangu mwanzo alimwambia kwa kinywa chake, na kinywa hicho yeye ndiye aliyekifundisha kusema.

*

(Sisi ni saa mlizoziruka. Hamkutulala wala hamkutukesha. Ndani yetu hakuna aliyepika. Tumekaa kwenye korido ya nyumba hii, bega kwa bega, tumevaa vizuri, tunasubiri kuitwa. Yuko mmoja kati yetu ambaye ndani yake wewe ungefungua kitambaa cheupe, ukatoa wembe, ukaulowesha. Maji yalikuwa tayari. Yamepoa sasa. Sisi hatuna kinyongo. Tunauliza tu.)

*

Bi Mafunda alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akatazama bakuli la waoka mikate, ambalo kitambaa chake kilikuwa kimeanza kuinuka katikati.

"Basi walikuwa na haki," akasema. "Iondoe kanuni hiyo, Fundi. Leo hii."

"Nimeshaiondoa."

"Ahsante. Sasa andika kwamba Saa haina kosa."

"Bi Mafunda, nimekwambia hivi sasa..."

"Umeniambia ilikuwa na kosa. Umeliondoa. Ukiandika kwamba haina, utakuwa umeandika kweli." Alisema bila ubaya, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Nyuma hatutarudi. Kuna watu wamepewa fimbo kabla ya wakati, tukawanyang'anye? Kuna walioachiwa gerezani mapema, tukawakamate? Kuna watoto wameanza shule na meno ya maziwa. Wote wamekwisha kuzoea. Watu hawauogopi uongo, Fundi. Wanaogopa kuhamishwa."

"Na dada yangu?"

Bi Mafunda aliinua macho.

"Dada yupi? Nilikuwa nimepita barazani siku ile. Nilikusikia."

Songoro alipapasa pengo la jino lake kwa ulimi, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Nipe karatasi," alisema mwishowe.

"Vyema. Na bahasha?"

"Na bahasha."

Aliandika akiwa amesimama, juu ya kona ya meza ile. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, mwandiko wa darasa la jioni, wa mtu aliyejifunza herufi akiwa na ndevu na hataki hata moja ipinde. Alianza na salamu ndefu, akaifuta. Akaanza tena.

*Mwatumu. Nimeipima Saa mara ya pili. Ilikuwa ikikimbia tangu kabla Vuai hajaondoka. Mwanao alizaliwa kwa wakati wake. Hapa chini nimeeleza kosa lenyewe kwa maneno ambayo mtu yeyote ataelewa, nimetia sahihi na kidole gumba. Ukitaka isomwe mbele ya waliokuhesabu, mpe mwenye sauti kubwa aisome yote, pamoja na sehemu inayonihusu mimi. Ukitaka kuifunika, ifunike. Siwezi kukuamulia tena.*

*Sehemu inayonihusu mimi ni hii. Nilipoona Saa ni nzima, nilifurahi. Uliponiambia kweli sikuamini, na sikuwa na sababu nyingine ila kwamba wewe ulisema kwa mdomo na kioo kilisema kwa tarakimu.*

Hapo alikwama. Kalamu ilikaa hewani mpaka wino ukajikusanya nchani. Aliwahi kuandika maombi ya kazi, malalamiko kwa Baraza na hotuba za kuaga wastaafu. Barua ya namna hii hawakufundishwa.

*Kuhusu wembe. Sisemi unisamehe kwanza. Ukiona nywele za mtoto zimekuwa nyingi, na ukaona mkono wangu bado unafaa, ulete. Nitakuja utakapoita wewe. Ukiona haufai, mnyoe mwenyewe, umpe jina mwenyewe, na mimi nitalijifunza.*

*Songoro.*

Chini ya jina akaeleza kosa la malango, akatia kidole gumba, kisha akaitazama sahihi yake. Aliona neno Fundi halipo mbele yake, akaiacha hivyo.

"Hiyo si yangu," alisema Bi Mafunda, aliyekuwa ameisoma akiwa amekaa upande wa pili wa meza, herufi zikiwa juu chini.

"Si yako."

"Ikisomwa barazani, hakuna tanuri litakalotaka sahihi yako tena. Wala mtu yeyote hatakuita kutengeneza kitu."

"Najua."

"Umri wako huu, Fundi. Mtu huanza vipi tena?"

Songoro alirudisha kalamu mezani. Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akailamba gundi. Gundi ilikuwa imekauka. Bahasha zile zilikaa ghalani miaka mingi kuliko zilivyoandikiwa, au michache. Ikafunguka tena kidole kilipoachia. Basi akalifunua bakuli. Unga ulikuwa umeumuka mpaka ukingoni, mweupe, umejaa vitundu, unanuka uchachu mtamu. Akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akapaka ukingo wa bahasha, akakandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Bi Mafunda alimtazama, na hakumzuia.

Langoni, Machano aliipokea akaigeuzageuza.

"Kwa Bi Mwatumu? Mwatumu yule?"

"Dada yangu."

Machano aliangalia kando kwa adabu, kama mtu aliyemkuta mwenzake akivaa. "Haina mhuri wa saa. Niigonge?"

"Usiigonge."

"Niipeleke sasa hivi, au baadaye kidogo? Maana nilikuwa nimekalia chai."

"Kunywa chai yako," alisema Songoro. "Kisha nenda."

Machano akanywa, akasuuza kikombe, akatafuta kiatu kimoja kilichojificha chini ya benchi. Hatimaye aliondoka na mwendo wake ule ule, barua kwapani, akisimama kumsalimu kila anayepishana naye, mpaka ukungu ukamfunika kiunoni, kisha mabegani. Songoro alibaki chini ya kioo cha lango. Aliweka kidole gumba chake kwenye mashine. Ililia mlio wake mfupi. Akainua macho akatazama tarakimu, akangoja, na dakika ikakaa mahali pake mpaka ilipokwisha.